Shemeji na dira yake ya Kichina

Kama una shemeji anayekwenda Guangzhou kuchukua mzigo na akirudi hakuletei kitu, mshukuru Mungu wako, manake wangu aliniletea. Yaani mie nategemea labda saa, au hata soksi, jamaa anatoa kwa mfuko kibao cha mraba kimepitishwa nyuzi mbili nyekundu, juu yake duara limejaa maandishi ya Kichina pete ndani ya pete, na katikati sindano ya dira inachezacheza. Luopani hiyo. Eti ndo chombo chenyewe cha feng shui, ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili ikuletee bahati, na kwa vile sisi ni damu moja (damu gani? mie nimemuoa dadake tu) atatupimia nyumba bure.

Nyumba tumepanga hapa Majengo, ile ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Ila pembe moja ya nyuma imepungua, mwenye nyumba aliimega akajijengea kwake.

Shemeji akachana karatasi ya kalenda, akachora nyumba nyuma yake, na ile pembe iliyomegwa akaijazia kwa vidoti ili mchoro uwe mstatili kamili, ndo upige mistari kona kwa kona ikutane senta. Hapo sina neno, ndivyo wanavyofanya wenyewe. Kutoka senta nyumba inagawanywa pande nane, kila upande digrii 45, kaskazini ni kazi, kusini ni sifa, kusini mashariki mali, kusini magharibi ndoa, na nyengine zina mambo yake. Kuna na pete ya vipande 24 wanavyoviita milima, kila mlima digrii 15, lakini huko hatukufika alhamdulillahi.

Sasa senta ya nyumba yetu ikaja kuangukia pale penye wufa. Na si wufa ya mchezo, ni ile ya kutetemesha vikombe kwa jirani. Shemeji akaiona kama meza aliyowekewa, akatua luopani juu yake bila wasiwasi. Mtu yeyote aliyewahi kufungua spika anajua mle ndani mna sumaku ya kunasa bisibisi. Sindano ikazunguka, ikazunguka, ikatulia inatazama chooni.

"Kaskazini," akasema.

Nikamwambia shemeji, kaskazini ni kule mlango wa mbele, hapa Mombasa hata mtoto wa madrasa anajua, manake kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa, Makka iko juu yetu moja kwa moja, ingia msikiti wowote utaona. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe shemeji unakwenda kwa mazoea. Mimi nina chombo."

Haya. Kaskazini ikiwa chooni basi na kazi yangu iko chooni, ndo akanieleza kwa nini sipandi cheo, na mke wangu akaguna kwa namna ambayo sikuipenda. Ndoa ikaangukia stoo, kwenye makaa na ndoo. Mali ikaangukia chumba chetu cha kulala, hapo nikachangamka kidogo, kumbe ndo balaa lenyewe: upande wa mali ni wa mti, kitanda chetu ni cha chuma, na kwa Wachina chuma hukata mti. Ati miaka yote tunalala juu ya shoka. Kitanda kitoke, kipelekwe stoo kikakae na ndoa yake.

Mke wangu akaingia kwa simu akasema kuna njia nyengine, ile iliyoenezwa Marekani na mwalimu wa feng shui Lin Yun miaka ya 1980, haina haja ya dira, waanza mlangoni tu, na mali ni kona ya mwisho kushoto ukiingia. Shemeji akasema hiyo ya wavivu.

Kitanda ni tano kwa sita. Nikasema tukifungue nati, akasema cha nini, kikilazwa ubavu kitapita. Kikalazwa ubavu, kikapita nusu, kikagoma. Shemeji yuko ukumbini, mie niko ndani ya chumba, katikati yetu chuma kimeziba mlango juu mpaka chini, hakiendi mbele hakirudi nyuma. Yaliyofuata yote nimeyaona kupitia vyuma.

Wa kwanza kufika shangazi yangu kutoka Lamu, na adhuhuri imeshaadhiniwa. Akanisalimia pale nilipo wala hakuuliza, akatandika msala ukumbini. "Kibla chenu ni wapi?" Kabla sijafungua mdomo shemeji keshanyoosha kidole uani. Nikapiga kelele "Shangazi, siko huko!" lakini na watoto wanacheka, na mke wangu anagombana na nduguye, nani atanisikia. Bahati hajafunga sala, mwenye nyumba akatokea uani, akamkuta uso kwa uso.

"Bi mkubwa, wamsalia nani huko? Huko choo!"

Kimya. Shangazi akamgeukia shemeji polepole, na mie kwa mara ya kwanza nikafurahi kuwa nyuma ya vyuma.

Mwenye nyumba akauliza hiki kidude ni nini, akakinyanyua kutoka kwenye wufa akakileta usoni kwake. Sindano ikajigeuza yote, ikatazama mlango wa mbele.

"Mbona hii yaelekea kibla vizuri tu?"

Shemeji hakujibu. Akachukua kalenda yake, akaigeuza juu chini, akaanza kuhesabu pande upya, halafu nikaona kidole chake kimekwama kwenye vile vidoti. Kusini mashariki. Mke wangu akachungulia begani kwake, "Na kwa ile ya wavivu pia ni hapo hapo, kona ya mwisho kushoto."

"Hapo pana nini?" mwenye nyumba akauliza.

"Hapo ndo mali ya nyumba hii," shemeji akasema kwa sauti ndogo. "Lakini hapo ni kwako."

"Mashaallah. Basi nipeni kodi nikaiweke."

Pochi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamhesabia noti moja moja kupitia vyuma vya kitanda, akazipokea, akazikunja, akarudi zake uani kwenye vidoti, na shemeji akatumwa kutafuta spana.