Hofu ya panya haikai kwenye amigdala peke yake

Wanaoiona amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, kuwa ndiyo makao ya hofu wana hoja nzito. Mpigie panya wa maabara mlio wa sekunde 30 unaomalizikia na shoti ya miliampia 0.5 miguuni, rudia mara chache, na kesho yake mlio peke yake utamgandisha: kinachocheza ni mbavu tu anapopumua. Haribu amigdala pande zote mbili, na kuganda huko kunatoweka. Sehemu yake ya pembeni hupokea mlio na maumivu pamoja, kisha sehemu ya kati hutuma amri kwenye shina la ubongo. Mwanasayansi wa ubongo Joseph LeDoux na wenzake waliifuatilia njia hii hatua kwa hatua.

Njia hiyo, hata hivyo, inaeleza jinsi hofu inavyoingia na inavyojitokeza mwilini. Ijitokeze lini na itulie wapi ni suala linalohusisha sehemu nyingine za ubongo, na hapa ndipo wanaosema hofu ni kazi ya mtandao wa sehemu kadhaa za ubongo hueleweka vibaya, kana kwamba wanadai amigdala haina kazi.

Chukua panya aliyetishwa, yaani aliyepigiwa mlio pamoja na shoti, katika boksi lenye sakafu ya vyuma vyembamba. Mhamishie boksi la pili lenye sakafu tambarare, harufu tofauti na taa tofauti, umpigie mlio uleule mara nyingi bila shoti. Ataacha kuganda; huku ndiko kutulizwa. Mrudishe boksi la kwanza, piga mlio: anaganda tena, ingawa hajapigwa shoti nyingine hata moja. Mlio ni uleule, amigdala ni ileile. Kilichobadilika ni mahali, na habari za mahali hutegemea sana hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo. Mwaka 2001 watafiti Corcoran na Maren waliizimisha hipokampasi kwa muda kwa dawa ya muskimoli kabla ya kipimo. Panya hao hawakurudiwa na hofu hata walipopimwa nje ya boksi walilotulizwa. Kama hofu ingekuwa imefutwa, isingerudi kwa panya wa kulinganishia, waliopewa maji ya chumvi badala ya dawa; kama ingekuwa mali ya amigdala pekee, dawa kwenye hipokampasi isingegusa chochote.

Halafu kuna sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 2002 watafiti Milad na Quirk walirekodi seli za neva za eneo mojawapo la huko, liitwalo infralimbiki. Seli hizo hazikuitikia mlio wakati panya anatishwa, wala wakati anatulizwa. Ziliitikia siku iliyofuata, panya alipokumbuka kwamba mlio hauna madhara. Walipolichochea eneo hilo kwa umeme sambamba na mlio, kuganda kulipungua hata kwa panya ambao hawakuwahi kutulizwa.

Upande wa pili, wa wanaotetea amigdala, una jibu la maana. Mwaka 2015 Do-Monte na wenzake walinyamazisha infralimbiki kwa mwanga, baada ya kuziandaa seli zake ziuitikie. Wakiinyamazisha wakati wa mafunzo ya kutuliza, kumbukumbu ya kesho yake iliharibika. Wakiinyamazisha wakati wa kukumbuka, haikutetereka. Basi eneo hilo husaidia kujenga kumbukumbu bila kulazimika kuwepo kila inapotumika, na huenda amigdala yenyewe ikabeba sehemu ya kilichojengwa. Ni hoja nzuri, lakini inaongeza mazungumzo kati ya maeneo haya, haiyapunguzi.

Matokeo mengi ya pande zote mbili huharibikia mezani. Kuunguza kwa umeme huua pia nyuzi zinazopita tu, kwa hiyo anayedai ameondoa amigdala huenda amekata mawasiliano ya kwingine. Asidi ya iboteniki huua seli na kuziacha nyuzi nyingi salama. Infralimbiki na eneo jirani la prelimbiki zimepakana, na mikrolita 0.5 ya dawa inaweza kuvuka mpaka, wakati prelimbiki huongeza kuganda badala ya kukupunguza. Ndiyo maana ubongo lazima ukatwe vipande vyembamba baada ya jaribio na panya ambaye sindano ilikosea aondolewe kwenye hesabu. Kosa jingine ni mabokisi mawili kusafishwa kwa dawa moja na panya kubebwa kwa kitoroli kilekile: kwa pua ya panya hapo ni mahali pamoja, na hofu haitaonekana kurudi hata kama ipo.

Kwa sababu hiyo, utafiti unaotangaza kufuta hofu baada ya kupima katika boksi moja, siku moja, umeonyesha utulivu wa mahali hapo tu. Dai la kufuta linahitaji kipimo katika boksi la kutishwa, katika boksi ambalo panya hajawahi kuliona, na kingine baada ya wiki kadhaa.