Shindano la roboti kwenye klabu ya kompyuta: ligi, si mtoano

Klabu nyingi za kompyuta hapa Dar huanza muhula chumba kimejaa, kisha hubaki na wale wale waliokuja wakijua. Ndiyo maana wazo la kuandaa shindano la kuprogramu roboti huwagawa walezi wa klabu hizo: wapo wanaoliona dawa, wapo wanaoona litafukuza hata hao waliobaki.

Gemu lenyewe lipo, tena la bure: Robocode, lililotolewa na IBM mwaka 2001. Mchezaji hashiki kitufe wakati wa pambano. Anaandika programu kwa lugha ya Java, anaiachia uwanjani, kisha anatazama roboti yake, kifaru cha vita kwenye skrini, ikipigana yenyewe. Likishawekwa kwenye kompyuta, halili bando.

Mzazi atasema gemu ni gemu, na mtoto alitumwa kusoma. Hoja hiyo haina uzito mbele ya hesabu zilizomo. Roboti huanza na nishati 100. Risasi ya nguvu 3 inakugharimu nishati 3. Ikimpata adui inamtoa 16 na kukurudishia 9. Anayeanza, akiona hivyo, hupiga 3 tu. Lakini risasi hiyo huenda pikseli 11 kwa kila hatua ya mchezo. Adui akiwa umbali wa pikseli 440, itachukua hatua 40 kumfikia, na yeye kwa kasi yake ya juu ya pikseli 8 anaweza kuwa amesogea 320. Ya nguvu 1 huenda pikseli 17, ingawa humtoa 4 tu. Mwanafunzi aliyekosa shabaha jioni nzima ataomba mwenyewe afundishwe sine na cosine, akokotoe pa kulenga.

Hoja nzito ni ya walezi: kikombe kitaenda kwa mwenye laptopu nyumbani, na mgeni atatoka raundi ya kwanza akiamini kompyuta si zake. Ni kweli kabisa, iwapo tutatumia mtoano. Roboti 16 zikiingia, 8 zinaaga baada ya mechi moja. Ndondo za mtaani zina sababu ya kufanya hivyo: uwanja ni mmoja na jua linazama. Hapa kompyuta ndiyo uwanja na ndiyo mwamuzi. Ligi ya roboti 16 ni mechi 120, na ukishusha dirisha la gemu mapambano yanakwenda mbio kuliko yakitazamwa. Kila mtoto anapata mechi 15, kisha anarudi kurekebisha kwa raundi inayofuata.

Kunakili nako kunaogopwa kupita kiasi. Gemu huja na roboti za mfano, na ile iitwayo Walls, inayozunguka ikifuata kuta, huwasumbua sana wanaoanza. Wainakili tu. Sharti liwe kwamba baada ya kila raundi msimbo unafunguliwa, na mwenyewe anaeleza mbele ya wenzake alichobadilisha na kwa nini. Wapo wanaopendekeza kubana ukubwa wa programu, hata chini ya baiti 250, ili kusawazisha. Kwa klabu changa sikubali, maana kubana msimbo ni kazi ya mzoefu.

Laptopu ya nyumbani ligi haiiondoi. Hapo wanaopinga wako sahihi, na dawa pekee ninayoiona ni chumba cha kompyuta kuwa wazi Jumamosi, kuanzia wiki kadhaa kabla ya raundi ya kwanza, kwa wasio na mashine. Shule isiyopata mtu wa kukaa na funguo siku hiyo, shindano lake lisubiri muhula ujao.