Kisukari cha Watoto na Bakteria wa Utumbo: Mazingira Yana Neno, Lakini Mama Si Mshtakiwa

Juma lililopita nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu hapa Langoni, mjini Lamu, wakati mwanawe wa miaka saba akipigwa sindano ya insulini ya jioni. Dawa ilitolewa katika chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, baina yao mchanga uliorowa maji, maana friji ya nyumba imekufa tangu Ramadhani. Mama aliigonga sindano kwa ukucha ili mapovu yapande, akabana nyama ya paja la mwanawe na kumchoma, mtoto asitikisike. Kisha akaniuliza, bila kunitazama: "Watu waniambia ni mimi niliyemtia maradhi haya. Ni kweli?" Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, maziwa ya mama yakachelewa kushuka, akanyweshwa ya kopo kwa majuma mawili, na jamaa mmoja alikuwa amesoma kwamba kisukari cha watoto huletwa na utumbo uliokosa bakteria wazuri.

Swali hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Utafiti kuhusu bakteria wa utumbo umefahamika vibaya kwa namna mbili: wako wanaougeuza kuwa mashtaka juu ya mama, na wako wanaoutupilia mbali wakisema kwamba maradhi haya ni ya damu, ya ukoo tu, na yaliyoandikwa hayafutiki. Hoja ya mazingira ya utotoni inastahili kusikilizwa zaidi ya inavyosikilizwa, na kusikilizwa vizuri hakumdhuru mzazi yeyote.

Wanaosimamia urithi hawakosi ushahidi. Kisukari hiki cha watoto, kiitwacho cha aina ya kwanza, hutokea pale kinga ya mwili inapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua, na inajulikana kwamba baadhi ya jeni za kundi la HLA, zinazosimamia kinga ya mwili, huongeza sana uwezekano wa jambo hilo. Lakini pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, huweza kuachana: mmoja akaugua akiwa mdogo, mwenzake akaishi miaka mingi bila maradhi. Tena kuna Ufini, nchi inayoongoza duniani kwa maradhi haya. Mwaka 1980 waliougua huko walikuwa watoto 31.4 kati ya kila 100,000 wa chini ya miaka 15. Mwaka 2005 walikuwa 64.2. Jeni za taifa zima hazigeuki ndani ya miaka 25. Kilichogeuka ni kitu kingine, nacho kimo katika maisha ya kila siku.

Hesabu ninayoirudia kila mara ni ya ng'ambo ya mpaka huohuo. Katika Karelia ya Urusi, inayopakana na Ufini, watafiti walihesabu wagonjwa wa miaka ya 1990 hadi 1999 wakakuta watoto 7.4 kwa kila 100,000 kwa mwaka, hali upande wa Ufini walikuwa 41.4. Tofauti hiyo inakaribia mara sita, baina ya watu ambao jeni za hatari za HLA zimeenea kwao kwa kiwango kinacholingana, wanaoishi chini ya jua lilelile hafifu na majira ya baridi yaleyale. Kilichowatenga ni uchumi, maji, chakula, msongamano wa nyumba na maambukizi ya utotoni. Ukiniambia kwamba maradhi haya ni ya ukoo tu, nieleze kwanza mpaka huu wa kisiasa umewezaje kuwa mpaka wa maradhi.

Jibu moja lilitolewa mwaka 2016 na mradi uitwao DIABIMMUNE, uliofuata watoto wachanga 222 kutoka Ufini, Estonia na Karelia. Katika tumbo za watoto wa Ufini na Estonia walitawala bakteria wa jamii ya Bacteroides. Kwa watoto wa Karelia kundi hilo lilikuwa dogo. Bakteria hawa, kama walivyo E. koli, bakteria wengine wa utumbo, hubeba katika ngozi yao kemikali iitwayo lipopolisakaridi, ambayo kinga ya mwili huitumia kama ishara ya kujifunzia. Ile ya E. koli huiamsha kinga barabara, ila ile ya Bacteroides dorei haiiamshi, bali huweza hata kuizuia isiamshwe na nyingine. Panya wa maabara wenye asili ya kupata kisukari walipodungwa ile ya E. koli, maradhi yalichelewa. Walipodungwa ile ya pili, hayakuchelewa. Kwa maneno mengine, huenda kinga ya mtoto wa Ufini haikosi bakteria, bali inakosa mwalimu mkali katika miezi ile ambayo inapaswa kufundishwa nini ni adui na nini ni mwili wake wenyewe.

Wenye shaka wana haki ya kusema kwamba panya si mtoto, na kwamba Karelia inatofautiana na Ufini kwa mambo mengi yanayokwenda pamoja, hata haiwezekani kulitenga moja. Wanashika hasa utafiti wa TEDDY uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulichunguza vinyesi zaidi ya 10,000 vya watoto 783 wa Marekani, Ufini, Ujerumani na Uswidi, na haukupata bakteria hata mmoja wa kunyooshewa kidole. Ulichokuta ni dalili dhaifu zaidi: watoto ambao hawakuugua walikuwa na bakteria wenye uwezo mkubwa kidogo wa kuchachua chakula na kutoa asidi fupi za mafuta, zinazotuliza kinga. Wako pia wanaotaja virusi vya utumbo, kama vile Coxsackie B, nao hawakosei, ingawa virusi navyo ni mazingira.

Hata hivyo TEDDY hainivunji moyo. Watoto wake wote walitoka nchi tajiri zilizokwisha kubadilika. Ukionja sufuria kumi za wali zilizotiwa nazi zote, hutajua nazi imefanya nini. Sharti uonje na ule wali mkavu. Watoto wa namna ya Karelia hawakuwamo katika hesabu ile, wala watoto wa Lamu.

Je, tujitolee mfano sisi wenyewe, kwamba kwetu kisukari hiki ni haba kwa sababu watoto wetu wanacheza mchangani na punda? Hapa nawaonya hata wale ninaokubaliana nao. Uhaba wetu hauaminiki. Mtoto anayekunywa maji bila kukata kiu, anayekojoa kitandani upya, anayekonda na kupumua kwa kasi, hutibiwa malaria, au kifua, au hupelekwa kwa mganga. Akifa, hakuna daftari la kisukari litakalomwandika. Tena uchafu si dawa. Huko Kwale, watoto wachanga waliotiliwa unga wenye madini ya chuma katika uji walizidi kuwa na E. koli wa kuleta maradhi, bifidobakteria, walio rafiki wa utumbo, wakapungua na utumbo ukavimba. Jina ni lilelile la E. koli, na tazama tofauti ya matokeo. Yeyote atakayemwambia mama wa Shela aache kunawa mikono kwa sababu ya Karelia atakuwa amemletea kuhara, na kuhara bado kunatuulia watoto.

Lililo letu ni kwamba mazingira ya mtoto wa pwani yanabadilika sasa hivi, mbele ya macho yetu. Wakenya waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa takriban 9 kati ya 100 katika takwimu za kitaifa za mwaka 2014. Mwaka 2022 walifika 17. Dawa ya antibaiotiki ya chupa hununuliwa dukani kwa kila mafua. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, kana kwamba yamewekwa kwa ajili ya bifidobakteria, na katika TEDDY ileile kunyonya ndiko kulikoathiri utumbo wa mchanga kuliko jambo jingine lolote. Kama kuna wakati wa kuchunguza vinyesi vya watoto wetu na kuandika wagonjwa wetu, ni huu, kabla kila sufuria haijatiwa nazi.

Nilimjibu jirani yangu kwamba si yeye. Utafiti wa TRIGR, uliofanywa katika nchi 15 kwa watoto 2,159 wenye jamaa mgonjwa, ulilinganisha maziwa ya kopo ya kawaida na yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 haukuona kinga yoyote katika haya ya pili. Upasuaji umehusishwa na ongezeko la kama moja ya tano: pale ambapo wangeugua watoto 50 kati ya 100,000, wangekuwa 60, na watoto 99,940 waliozaliwa vilevile wasiugue. Tena huko Uswidi, walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, uhusiano huo ulififia. Upasuaji ule ulimwokoa yeye na mwanawe. Usiku ule haikuwapo njia nyingine.

Alinyamaza kidogo, akamhamishia binti yake mchanga titi la pili, akauliza kama na huyu ataugua. Nilimwambia kwamba katika nchi za Ulaya ndugu wa mgonjwa wanaougua ni kama 5 kati ya 100, na kwamba akimwona ana kiu isiyokwisha, ampeleke siku hiyohiyo apimwe sukari kidoleni, hata kama ana homa. Kisha akaichukua chupa ya insulini kutoka chunguni, kwa kuwa iliyofunguliwa haifai kupita majuma manne, tukahesabu pamoja siku tangu aifungue. Zilikuwa 26.