Glavu za Nini?

Shangazi yangu wa Newala amekuwa akibangua korosho tangu sijazaliwa. Siku nilipomfuata kuchukua gunia la maganda kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo, aliniambia, "Baba, usiyashike hivi hivi. Jipake mafuta, halafu majivu." Nikacheka kisomi. Mtu wa kemia nijipake majivu?

Nilitaka kupima antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia vitu kuharibiwa na oksijeni, kwenye maganda hayo yanayotupwa. Ukilipasua ganda la korosho utakuta vitundu kama sega la nyuki, vimejaa utomvu wa kahawia unaonata. Humo ndimo ilimo asidi ya anakadi. Kwamba inababua ngozi nilijua, tena niliandika mwenyewe, ukurasa wa pili, kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Sasa mashine ya kusagia ya maabara ilikuwa mbovu na glavu zimeisha. Nikaazima kinu kwa mama ntilie wa nje ya geti, nikatwanga mikono mitupu. Jasho likishuka, nafuta. Katikati ya kazi haja ndogo ikanibana, nikakimbilia msalani. Mikono nilinawa vizuri sana, kwa sabuni, wakati wa kutoka.

Usiku kope zikaanza kuwasha. Nikawasingizia mbu.

Asubuhi nikachuja unga niliouroweka kwenye methanoli, nikatia mchujo wake kwenye DPPH, ile dawa ya zambarau inayogeuka njano ikikutana na antioksidanti. Pembeni nimeweka vitamini C ya kulinganishia. Dakika thelathini gizani, natoa: njano! Nikaruka kwa furaha.

Nilipotua ndipo nikajua hali yangu.

Kufika zahanati nilitembea kama bata. Daktari akauliza nimepaka nini. Nikaanza kumweleza kuhusu mkorosho na mwembe kuwa ukoo mmoja. Akanikatisha, akaniambia nivue.

Kinu nilikilipa kipya kabla mama ntilie hajatwangia watu kitunguu saumu.

Jioni shangazi akapiga simu ya video. Akaniangalia uso uliovimba kama andazi, akatulia.

"Majivu ulijipaka?"

Kimya.

"Na hiyo kanga umejifungia ya nini? Tena unaishika mbele isikuguse! Wewe, nani kakurudisha jandoni?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.