Mnataka Embakasi moja irudi? Ya nini?

Wiki jana kuna jamaa alipiga simu redioni, ile saa ya kulalamika watu wakiwa kwa jam, akasema Nairobi ina wabunge wengi sana, ati turudishe Embakasi ya zamani, ile constituency moja kubwa ya mashariki mwa Nairobi kabla haijakatwa vipande, mbunge mmoja, tuokoe pesa. Mtangazaji akacheka akasema hiyo ni point. Point gani? Nilikuwa nimesimama kwa matatu hapo Outering, mkono kwa chuma, na nikajipata najibu redio kwa sauti mpaka mama wa kando akavuta mkoba wake karibu.

Nyinyi mnaomiss ile Embakasi mnamiss nini haswa? Dandora, Umoja, Kayole, Komarock, Savannah, Pipeline, Mukuru kwa Njenga mpaka airport, zote chini ya mtu mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 925,775 ndani ya hiyo constituency. Mwaka huo huo Lamu Mashariki, kule pwani, ilikuwa na 18,841. Huku mbunge mmoja, kule mbunge mmoja, na wakifika bungeni kila mtu kura yake ni moja. Yaani mtu wa Kayole alikuwa anahesabiwa kama kipande cha mtu, halafu leo unaniambia hiyo ndo ilikuwa siasa safi.

Na si kura tu, wacha tuongee pesa. CDF, ile hazina ya maendeleo ya kila constituency, ilipoanza 2003 sheria ilisema robo tatu ya pesa za constituency zigawanywe sawa kwa zote 210, robo iliyobaki ndo iangalie umaskini. Sawa kwa constituency, si sawa kwa watu! Hiyo ni kugawa chapati kwa nyumba bila kuuliza kila nyumba ina watoto wangapi. Kwa hivyo mzazi wa Mukuru akiomba basari anagombania fungu karibu lile lile la Lamu Mashariki, na nyuma yake kuna watu karibu milioni. Halafu watu wanashangaa mbona basari haitoshi, mbona mtoto amejaza fomu vizuri, chifu amepiga muhuri, barua ya shule iko, na bado anapata elfu mbili au hapati kitu. Wengi walidhani ni mbunge amekula. Sawa, pengine alikula pia, siwezi kula kiapo hapo, lakini hata ungemweka malaika kwa hiyo ofisi hesabu ingemshinda.

Na haikuwa bahati mbaya. Dandora ilijengwa miaka ya sabini na pesa za World Bank, Umoja ikaja, Kayole ikafuata, kila mtu aliona watu wanajaa Eastlands. Sasa 1992 Nairobi ikapiga kura, KANU, chama cha rais Moi, ikatoka na kiti kimoja tu kati ya nane. Miaka minne baadaye, 1996, Moi akiwa bado State House, tume ya uchaguzi ikaongeza viti 22 vya ubunge nchi nzima. Nairobi ikapata vingapi? Sufuri. Tukabaki na nane. Fanya hesabu mwenyewe.

Wabunge wenyewe kila mtu ana story yake. Kulikuwa na enzi za David Mwenje, hizo nitawachia wazee wa Umoja. Mugabe Were, aliyekuwa diwani Dandora, akachukua kiti Desemba 2007, na tarehe 29 Januari 2008 akapigwa risasi nje ya gate yake Woodley, nchi ikiwa tayari inaungua kwa vurugu za baada ya uchaguzi. Mwezi mmoja tu. Hapo sina mzaha. Juni wakafanya by-election, Waititu akaingia, hao wengine mnawajua.

Katiba ya 2010 ndo ilileta viti 290, na 2012 IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ikakata Embakasi vipande vitano. Tano! Ukichukua wastani wa watu 133,138 kwa kila kiti, ilifaa iwe karibu saba. Lakini katiba inaruhusu miji ipitishe huo wastani kwa asilimia 40, kwa hivyo wakatujaza mpaka shingoni, kihalali kabisa.

Najua, Lamu kuna visiwa na maboti, mbunge hawezi kutembea kwa miguu, na watu wachache pia wanahitaji mtu wa kuwasemea. Haya, nimekubali. Lakini Embakasi kuwa na watu mara 49 yao, kwa kiti kimoja?

Majina ya hivyo vipande vitano nayo ni aibu. South, North, East, West, Central, kama mtu alikuwa anakimbilia lunch. Dandora ikawa Embakasi North, na nenda Dandora Phase 4 uulize nani anakaa Embakasi uone kama utapata mtu.

Kwa hivyo huyo jamaa wa redio anataka turudi nyuma, wakati hata mbele hatujaenda. Katiba ilitaka mipaka ipitiwe tena kabla ya miaka 12 kuisha, yaani Machi 2024, na siku hiyo ilipita tume haina hata kamishna mmoja ofisini. Pipeline bado wanapandisha ghorofa, nyumba za chini stima inawashwa saa sita mchana, na wote hao bado wako kwa mstari ule ule uliochorwa na sensa ya 2009.