Giza la Kigoma ni la usiku mmoja

Mtoto wa jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, anayesomea ufundi umeme, alinikalisha jioni nzima akitaka nikubali kwamba Kigoma inahitaji mtambo mseto kama ule wa Prenzlau, Ujerumani, uliozinduliwa mwaka 2011. Pale kuna mitambo mitatu ya upepo, kila mmoja wa megawati 2. Upepo ukivuma kuliko mahitaji, umeme wa ziada hutumika kupasua maji, ikapatikana gesi ya haidrojeni. Upepo ukitulia, gesi ile huchanganywa na bayogesi, ikaendesha injini, umeme ukarudi.

Ni kazi nzuri mno, na nilimwambia hivyo. Lakini nikamuuliza: giza letu lina urefu gani?

Desemba, jua la Ujerumani kaskazini huchelewa hadi baada ya saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni ikigonga limeshazama. Hali hiyo huendelea kwa wiki nyingi, nayo inataka akiba ya wiki nyingi. Gesi kwenye tangi inaweza kungoja. Sisi tuko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Hapa jua hutoka kwenye saa moja asubuhi na kuzama kwenye saa moja jioni, mwaka mzima. Tunachohitaji ni akiba ya kuvuka usiku mmoja.

Na haidrojeni inakula njiani. Uniti 100 zikigeuzwa gesi kisha umeme tena, hubaki kama 30 hadi 40. Betri za lithiamu hurudisha zaidi ya 80. Sisi tulioishi miaka na umeme wa majenereta ya dizeli, hadi gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mkoani mwaka 2022, tunaijua thamani ya uniti moja. Siwezi kushangilia 60 zikipotea.

Mvua je? Kuanzia Novemba mawingu hutanda, ni kweli, lakini ndipo mto Malagarasi unapoanza kujaa. Kiangazi mto ukipungua, jua linawaka kweli kweli. Mungu ametupa viwili vinavyopokezana zamu, na mradi wa umeme wa maji wa Igamba, wa megawati 49.5, umelengwa kutumia kimoja. Mseto wetu ni huo: mto, jua na betri.

Ziada ya mchana nayo ina pa kwenda: barafu. Nendeni mwalo wa Kibirizi alfajiri, wavuvi wakirudi ziwani. Dagaa wataanikwa, lakini migebuka bila barafu ina saa chache tu kabla bei haijaporomoka, na mama anayeinunua anauza kwa hofu. Umeme wa jua la jana ungekuwa umelala pale kama barafu, bila tangi la gesi wala mtaalamu wa kuagizwa kutoka mbali. Hilo ndilo ninalolitamani kuliko mtambo wowote wa kupigia picha.

Haidrojeni siikatai. Siku nchi ikiwa na umeme wa kumwaga, itengenezewe amonia, tupate mbolea ya mahindi yetu na ya tumbaku ya ndugu zetu wa Tabora.

Kijana hakubishana sana. Ameondoka na daftari, anakwenda Kibirizi kuuliza wanunuzi wanahitaji kilo ngapi za barafu kwa siku.