"Kila Siku," Alisema Mama: Tunapima Nini Tunapouliza?

Nilikuwa mgeni katika kazi ya kukusanya data nilipoketi kwenye nyumba moja Nyalenda, Kisumu, hojaji mapajani. Mama mwenye nyumba alikuwa amehudhuria mafunzo yote ya usafi wa maji. "Mama, haya maji ya kunywa huwa mnatia dawa?" Akajibu papo hapo, "Ndiyo, kila siku." Nikachota kidogo kwenye mtungi, nikatia kidonge cha kupimia. Maji yenye klorini, yaani hiyo dawa ya kuua vijidudu, hugeuka rangi ya waridi. Haya yalibaki vile vile.

Wapo wanaosema hojaji za namna hii ziachwe, na hoja yao ina uzito. Aliyefundishwa jibu sahihi atalitoa, kwa hiyo utafiti wa elimu ya afya unaotegemea maswali matupu huishia kupima kama somo lilikumbukwa. Isitoshe, kuuliza kwenyewe hubadilisha watu. Utafiti uliofanywa huku magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba familia zilizohojiwa kila wiki mbili zilitia maji klorini zaidi, na kutaja visa vichache vya watoto kuharisha, kuliko zilizohojiwa kila miezi sita. Kukaa na kutazama nako hakusaidii sana. Bangladesh, sabuni zilipowekewa vifaa vya kuhisi mwendo, iligundulika kuwa zilishikwa zaidi siku ambazo mtafiti alikuwepo nyumbani.

Basi tupime maji tu? Hapo nasita. Klorini hupungua kadiri saa zinavyopita, na maji yaliyotiwa dawa juzi yanaweza kuonekana kama hayajawahi kuiona. Kipimo hakijui kama mama amepuuza au amekosa pesa, na hiyo ndiyo tofauti anayohitaji kuijua anayepanga mafunzo.

Linaloniuma zaidi ni nani anayeuliza. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na simu za kuingizia taarifa za kila kaya. Ni kazi kubwa, naiheshimu kwa dhati. Lakini taarifa hizo zikitumiwa kuamua kama elimu yao imefaulu, mwalimu atakuwa anasahihisha mtihani wake mwenyewe. Ni mama gani atamwambia "hapana" jirani aliyemfundisha wiki iliyopita? Hadanganyi, anamstahi. Tathmini ifanywe na mtu mwingine, hata kama nauli itaongezeka, na angalau nyumba chache zipimwe maji bila taarifa ya mapema.

Siku ile Nyalenda nilikunja hojaji, nikamuuliza yule mama swali ambalo halikuwamo: mara ya mwisho mlitia dawa lini?

"Jumamosi," akasema. "Chupa iliisha, na baba yao bado hajalipwa."

Ilikuwa Jumatano. Nikayaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi, kwa kuwa hayakuwa na kisanduku chake.